Boksi la visanamu bapa vya bati: visanamu vikali, ile picha ya nyuma itoe kabisa

Naanza na jibu manake najua wengi mnasoma mistari miwili ya juu af mnaenda kununua au mnaachana nayo. Visanamu vyenyewe ni vikali sana, hela yake ipo. Fremu inaweza kukuletea balaa miaka ya mbele. Kijitabu ni cha kujaza boksi tu. Na ile picha ya nyuma waliyoichapisha wenyewe, ile ya milima na ngome, itoe siku hiyohiyo unayofungua boksi, usiipe hata muda wa kukuzoea.

Kwa ambao hawajui naongelea nini: kuna visanamu vya Wajerumani vinaitwa Zinnfiguren, ni vya bati, bapa, yaani ukikitazama kwa mbele unaona mtu mzima na nguo zake na vifungo na mikunjo ya soksi, ukikigeuza ubavu unabaki na ukingo wa milimita moja hivi. Saizi iliyozoeleka ni milimita 30, na hiyo haikutoka hewani, karakana ya Ernst Heinrichsen ya Nürnberg ndo iliyoweka kipimo hicho mwaka 1848 na wenzake wakafuata, manake zamani kila fundi alikuwa anajipimia kivyake, ukinunua farasi kwa huyu na mpandaji kwa yule hawaendani. Vilianza kama vitu vya kuchezea watoto, akina Hilpert hapohapo Nürnberg walikuwa wanauza tangu miaka ya 1770, ila leo watoto hawavitaki, ni mambo ya watu wazima wenye miwani na taa ya mezani.

Mimi nipo Bayreuth, hapa Ujerumani, na kutoka hapa mpaka Kulmbach ni karibu tu kwa treni. Kule Kulmbach juu ya kilima kuna ngome ya Plassenburg na ndani yake kuna makumbusho ya visanamu hivi, ipo tangu 1929, wanasema wana visanamu kama laki tatu, na vingi vimepangwa ndani ya masanduku ya kioo yenye mandhari kamili, ardhi, miti, nyumba, mbingu iliyochorwa nyuma. Ukishaingia mle ndo umekwisha. Na kila baada ya miaka miwili, mwezi wa nane, mji unajaa wauzaji na mafundi wa hivi vitu, meza mpaka meza, watu wazima wameinama na lenzi machoni wanakagua kitu kidogo kuliko kidole gumba. Boksi langu lilitoka kwa muuzaji mmoja wa namna hiyo, jina lake siliweki hapa kwa sababu nina ya kumlalamikia na sitaki kesi, ila wanaouza maboksi ya mtindo huu wapo kadhaa kwa hiyo mtakayoyasoma yatawafaa hata mkinunua kwa mwingine.

Boksi lina nini: visanamu 14 vya Landsknecht, wale askari wa kukodiwa wa Kijerumani wa karne ya 16, havijapakwa rangi, mikuki mirefu imewekwa pembeni kwenye kapaketi, fremu ya mbao yenye kioo mbele, picha ya nyuma iliyochapishwa kwenye kadibodi, unga wa majani ya bandia, na kijitabu. Euro 94. Rangi hamna, brashi hamna, na hilo sina neno nalo kabisa, bora hivyo kuliko kuwekewa brashi ya nailoni inayochanua kama ufagio siku ya pili.

Haya, tuje kwenye visanamu. Hivi vitu vinatengenezwa kwa kalibu ya jiwe la sleti, vipande viwili vinavyokaa uso kwa uso, mchongaji anachonga kwa kuingiza ndani, kinyumenyume, kushoto kuwe kulia na pua iliyotokeza iwe shimo, af bati iliyoyeyushwa ikachanganywa na risasi na antimoni inamiminwa ndani. Sasa fikiria mtu anachonga ndevu za mtu wa sentimita tatu, kinyume, kwenye jiwe. Halafu kina chenyewe alichonacho ni chini ya milimita moja, kwa hiyo tumbo, mkono ulio mbele ya tumbo, na upanga ulio mbele ya mkono vyote vinagombania huo unene mdogo. Mchongaji mbaya anakupa kisanamu kimejaa mistari tu. Mchongaji mzuri anajua nini akishushe na nini akiache juu, na huyu wa boksi hili ni mzuri, hilo nampa bila hiyana.

Mfano kuna mmoja amebeba lile shoka la mpini mrefu lenye ncha ya mkuki juu. Suruali yake ni ya mtindo ule wa Landsknecht, mguu mmoja umechanwachanwa na kitambaa cha ndani kimetolewa nje kwenye kila mpasuko, mguu wa pili una mistari ya kwenda chini, na kila mpasuko kwenye bati una ukingo wake na una bonde lake, yaani ukiweka rangi nyembamba iliyotota vizuri inakimbilia yenyewe kwenye bonde na ukingo unabaki mweupe, kazi nusu imeshafanyika. Kofia pana ya manyoya ya mbuni imelala upande, na manyoya unayaona moja moja. Kiunoni kaning'iniza ule upanga wao mfupi, na hata kile kikingio cha mkono chenye umbo la namba nane kimechongwa. Uso wake ana jicho moja tu kwa sababu katazama pembeni, na kope ipo. Kope!

Na kuna mama mmoja. Hawa askari walikuwa wanatembea na msafara mzima nyuma yao, wake zao, watoto, wapishi, wauza pombe, na mchongaji kaweka mama wa msafara, kikapu mgongoni, sufuria inaning'inia, kuku kafungwa miguu ananing'inia kichwa chini, na mkono wa pili kashika mtoto ambaye anavutwa kwa nguvu kama hataki kwenda. Huyu ndo kisanamu bora wa boksi zima na kwa bahati mbaya kwenye picha ya juu ya boksi wamemficha nyuma kabisa ya mpiga ngoma.

Kasoro za umiminaji ni za kawaida, kingo zina utando wa bati pale kalibu inapokutana, unausugua kwa kisu kisichokata sana na tupa ndogo, usitumie nguvu kwenye vifundo vya miguu manake hapo ndo kisanamu kinapokatikia. Wawili walikuja na viatu havijajaa bati vizuri. Nilimwandikia muuzaji akaniletea wawili wengine bila maneno, hilo pia nampa.

Mikuki sasa. Hapa naomba mniazime sikio. Mkuki wa Landsknecht ulikuwa na urefu wa mita nne mpaka tano, na ukishusha mita tano kwa kipimo cha mtu wa milimita 30 unapata karibu sentimita nane, kitu chembamba kama uzi, cha bati laini. Haikai sawa. Ukiinyoosha leo kesho imepinda, ukiigusa na brashi imepinda, ukiitazama vibaya imepinda. Itupe, nenda duka lolote la vitu vya ujenzi au la wacheza gitaa, nunua waya wa chuma mwembamba, kata, chonga ncha kwa tupa, tengeneza kichwa cha mkuki kwa kupondaponda mwisho wa waya na nyundo. Inakaa kama rula. Watu wa zamani kwenye hii fani wote wanafanya hivyo, sasa sijui kwa nini muuzaji haweki waya kwenye boksi, ungemgharimu senti.

Kijitabu ni kurasa nane na nne kati ya hizo ni matangazo. Kinasema osha na sabuni, paka praima nyeupe, paka rangi, mwanga utokee juu kushoto, basi. Asante. Nyeupe ni sahihi, watu wa visanamu vya mviringo, vile vyenye unene wa mwili kamili, siku hizi wanapenda praima nyeusi au ya kijivu ila kwenye bapa nyeupe inasaidia kwa sababu rangi za mafuta unaziweka nyembamba na weupe wa chini unapenya na kuzipa uhai. Kwa nini mwanga uwe na upande hakisemi, na hilo ndo muhimu zaidi. Kisanamu bapa hakina kivuli chake chenyewe. Kile cha mviringo ukikiweka kwenye meza taa ya chumba inakifanyia kazi, pua inatoa kivuli, kwapa linakuwa giza. Hiki hapana, kina unene wa milimita moja, kivuli cha kweli hakuna, kwa hiyo wewe mpakaji ndo unayeamua jua limetokea wapi na unachora kila kivuli kwa mkono. Kazi hii ni ya mchoraji, si ya mpaka rangi. Ukiamua jua liko juu kushoto basi shavu la kulia la kila mtu lina giza, mkunjo wa kulia wa kila suruali una giza, na mkono ulio mbele ya kifua unaangusha kivuli kifuani. Kwa watu wote 14 na kuku pia.

Namna ninavyofanya mimi, na wapo wanaofanya vingine wakapata matokeo mazuri tu: rangi ya akriliki nyembamba kwanza kama msingi, ikikauka naingia na za mafuta. Rangi ya mafuta naikamua kwenye kipande cha kadibodi na kuiacha kidogo ili kadibodi inyonye yale mafuta ya ziada, usipofanya hivyo ikikauka inang'aa na mng'ao kwenye kitu cha sentimita tatu unaua kila ulichokichora. Naweka kivuli, naweka mwanga, af na brashi safi kavu napitisha katikati mpaka mpaka baina yao upotee. Rangi za udongo kama amba zinakauka haraka, nyeusi na nyeupe zinachukua siku kadhaa, kwa hiyo ukipanga vizuri unaanza na viatu na mikanda unamalizia na manyoya ya kofia. Brashi moja nzuri ya manyoya halisi yenye ncha inatosha kazi karibu yote, msidanganywe na seti za brashi kumi na mbili.

Sasa ndo tunafika kwenye ile picha ya nyuma na hapa nitaongea.

Kijitabu, ukurasa wa tatu, kinakwambia chora mwanga utokee juu kushoto. Sawa. Unafanya hivyo, unamaliza wote, unafungua ile kadibodi yao yenye ngome na milima unaiweka nyuma, na unaona kitu hakikai sawa, unaangalia, unaangalia, mpaka unagundua minara ya ngome ina giza upande wa kushoto. Jua lao wenyewe kwenye picha linatokea kulia! Boksi hilohilo, muuzaji huyohuyo, kijitabu kinasema kushoto na picha inasema kulia. Askari wana asubuhi na ngome ina jioni. Mtu asiyejua atasema "mbona vizuri tu" ila jicho linajua, jicho litakwambia hawa watu wamekatwa kwenye picha nyingine wakabandikwa.

Hilo ni la kwanza. La pili ni mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na mbingu. Wameuweka juu sana, kama umesimama ghorofani unatazama bonde. Visanamu lakini viko bapa, vimechongwa kama unavitazama uso kwa uso, na kitu bapa hakiwezi kutazamwa kutoka juu, ukikitazama kutoka juu unaona ukingo tu. Kwa hiyo upeo lazima ukae usawa wa macho ya visanamu au juu kidogo, basi. Ukikaa hapo kila kitu kinajipanga, vichwa vya askari vinaingia kwenye mbingu nyepesi na vinaonekana vizuri, na ile mikuki inapanda kwenye mawingu inavyotakiwa. Kwenye picha yao vichwa vyote vimezama katikati ya msitu wa kijani kibichi, kofia nyekundu juu ya kijani kibichi, macho yanauma.

Na rangi, jamani. Ile picha ina kijani na bluu za nguvu kuliko askari wenyewe. Mnazikumbuka zile studio za picha za zamani, unasimama mbele ya ukuta uliochorwa ndege na maporomoko ya maji, na kwenye picha watu wanaona ndege kwanza ndo wakuone wewe? Ndo hivyohivyo. Kitu kilicho mbali kinatakiwa kififie, mlima wa mbali uwe wa bluu ya kijivu iliyochanganywa na nyeupe nyingi, mlima wa karibu uwe na kijani kidogo kilichokufa, na maelezo madogomadogo yapungue kadiri unavyokwenda nyuma. Wao wamechora kila tofali la ngome. Tofali la ngome iliyo kilomita mbili lina ukali sawa na kifungo cha askari aliye mbele yako.

Ukitaka kuelewa jambo hili linavyofanywa na watu wanaojua nenda Plassenburg usimame mbele ya lile sanduku kubwa la kuangamizwa kwa Kulmbach, Novemba 1553, wakati wa vita vya yule Markgraf (mtawala wa eneo hili) Albrecht Alcibiades alipojigombanisha na majirani zake wote mpaka wakaungana wakaja kumchomea mji. Lina visanamu zaidi ya 19,000. Kumi na tisa elfu, kila mmoja amepakwa kwa mkono! Ila kitu kilichonishika mimi si idadi. Nilichofanya ni kutafuta mpaka uko wapi, yaani visanamu vinaishia wapi na picha inaanzia wapi, na ni kazi ngumu. Mbele unaona mtu na ukingo wake wa bati, nyuma kidogo watu wanakuwa wadogo, moshi, paa za nyumba, halafu wakati fulani unakuwa unatazama rangi kwenye ukuta na hujui umevuka saa ngapi. Ujanja ni kwamba visanamu vya nyuma vimepakwa rangi zilizofifia kama vile tayari vimeshaingia kwenye picha, na picha mahali pa chini imechorwa kwa rangi za ardhi ileile ya mbele. Wanakutana katikati. Hakuna anayemzidi mwenzake.

Kwa hiyo mimi nilitoa ile kadibodi nikachora yangu. Msiogope, siyo lazima uwe msanii, kwa kweli picha ya nyuma nzuri ni ile ambayo haina kitu. Chukua kadibodi nyembamba inayokubali kupinda, upana uzidi upana wa fremu ili uikunje iwe nusu duara nyuma, pembe za fremu zikionekana tu mbingu inageuka kuwa boksi. Mbingu paka kuanzia juu bluu iliyochanganywa na kijivu na ushuke ukiongeza nyeupe na oka (njano ya udongo) kidogo mpaka upeoni iwe karibu na weupe wa maziwa. Vilima viwili vitatu, kila kimoja kififie kuliko cha mbele yake. Mnara mmoja wa kanisa mdogo kabisa kama unautaka, na giza lake liwe upande mmoja na giza la askari wako. Moshi kidogo kwa brashi kavu. Acha. Mkono utakuwasha kuongeza kitu, acha.

Pale chini kadibodi inapogusa ardhi usiache mstari, weka tuta, weka kichaka, weka uzio uliovunjika, hapo ndo unga wao wa majani unafaa, na uchanganye na mchanga wa kweli uliochujwa manake ule unga peke yake ni kijani cha uwanja wa mpira. Kama unaweza pata visanamu vichache vya milimita 20 viweke nyuma, kina cha fremu kinaongezeka mara mbili kwa macho tu. Na visanamu usivipange mstari mmoja, vilevile usivigeuze sana, ukigeuza zaidi ya kidogo ule wembamba unajitangaza.

Fremu. Inapendeza, mbao nzito, kioo safi, ina rangi ya asali. Ila kina chake cha ndani ni sentimita sita tu, ndogo kwa nusu duara na tuta na safu mbili za watu, na urefu wake wa ndani ni sentimita tisa, kwa hiyo mkuki wa sentimita nane uliosimama juu ya ardhi ya sentimita moja unagusa dari. Nimelaza mikuki kidogo kama wanaenda, ikapendeza zaidi kuliko ikisimama, sawa, lakini ni mimi niliyewasaidia.

Shida kubwa ni mbao yenyewe. Ni mwaloni. Mbao ya mwaloni inatoa mvuke wa asidi, ileile asidi ya kwenye siki, polepole miaka na miaka, na risasi haipatani nayo hata kidogo, ndani ya sanduku lililofungwa na kioo ule mvuke unakaa humohumo na risasi iliyomo kwenye bati inaanza kuota unga mweupe kidogokidogo mpaka kisanamu kinamomonyoka. Watu wa makumbusho wanalijua hili siku nyingi. Visanamu vya boksi hili vina risasi, kimeandikwa kwenye karatasi ndogo ya tahadhari ya kuosha mikono, na osheni kweli mikono na msiwape watoto, sasa muuzaji anayejua kuandika tahadhari ya risasi anashindwaje kujua asiiweke ndani ya mwaloni? Nimeuliza, nikajibiwa kwamba wateja wanapenda mwaloni. Mimi yangu nimeibandika ndani karatasi ya alumini ile yenye gundi kila mahali pasipoonekana na nimetoboa vitundu vya hewa nyuma. Ukitengenezesha ya kwako kwa fundi mwambie sanduku la chuma au plastiki ngumu ya akriliki, na mbao za kubandikwa kwa gundi kama MDF nazo ziepuke.

Taa pia wameikosea kwa kutoiweka mahali pake, kuna kijitundu cha taa nyuma karibu na picha, ukiwasha hapo askari wote wanakuwa weusi. Taa ikae juu na mbele, ndani ya ukingo wa fremu usioonekana, kipande cha LED ya mwanga wa joto, na ikae juu vya kutosha ili vivuli vya visanamu viangukie ardhini visipande kwenye mbingu. Askari mwenye kivuli kwenye mawingu, hapo hata ungechora vipi umekwisha.

Kuna kitu kingine siwezi kukiacha ingawa si cha boksi hili. Muuzaji huyohuyo alikuwa na trei ya vita vya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndani yake askari wetu Waafrika, kaki, ile kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo na nembo ya ndege tai ya fedha mbele, bunduki begani. Mavazi yamechongwa vizuri mpaka vifungo. Afisa wa Kijerumani mwenye farasi ana sura yake, ana mashavu, ana sharubu. Askari saba wana sura moja, ileile, imerudiwa. Na sampuli aliyoipaka rangi kwa ajili ya kuonyesha ilikuwa kahawia moja tu kuanzia paji mpaka kidevu kama amechovya. Niliwanunua watatu na nikawapaka mwenyewe. Kijitabu cha boksi kinatoa mchanganyiko mmoja tu wa ngozi, nyeupe na oka na nyekundu kidogo, kwa hiyo wenye ngozi kama yetu jitafutieni: mimi naanza na siena iliyochomwa (kahawia nyekundu) na amba, kivuli naongeza bluu ya ultramarini wala si nyeusi, nyeusi inaifanya ngozi iwe ya mkaa, na mwanga kwenye paji na pua naongeza oka, kisha pale juu kabisa tone la bluu nyepesi manake ngozi nyeusi inarudisha mbingu. Kila mmoja nimempa wake, mmoja mwekundu zaidi, mmoja mzee ana mvi kwenye ndevu ambazo mchongaji hakumpa. Na nyuma yao siweki mnazi. Hao watatu watapata milima ya Usambara yenye ukungu wa asubuhi na barabara ya udongo mwekundu.

Bei tuijadili. Visanamu 14 vya ubora huu ukivinunua kimoja kimoja mezani vinakaribia euro 35 mpaka 40 kwa bei nilizoziona mimi, kwa hiyo zaidi ya nusu ya boksi unalipia fremu utakayoibandika alumini na picha utakayoitupa. Nimerudi kwa huyohuyo muuzaji nikamuuliza kama anauza visanamu peke yake vya mchongaji yuleyule, anauza, ila haviweki mbele. Uliza. Mpaka yule mama wa kuku anauzwa pekee.

Walioniuliza kutuma Dar: visanamu vinasafiri vizuri tu vikilazwa kati ya sponji mbili, uzito ni wa barua nene, kioo cha fremu ndo kitafika vipande kwa hiyo fremu tengenezeni hukohuko, fundi alumini wa madirisha anaweza kukukatia sanduku zuri kuliko hili kwa bei ya chai. Tapentaini ya kuzimulia rangi za mafuta posta hawaichukui kwa ndege, nunueni huko. Na aliyeuliza kama rangi za makopo zile za kung'aa wanazotumia jamaa wa Tingatinga pale Morogoro Stores zinafaa, hapana kaka, zile ni nene na zinang'aa, zinajaza bonde lote alilochonga fundi na kope inapotea. Ila kwa picha ya nyuma ningependa kweli kuona mmoja wao akijaribu, mbingu zao zile za rangi kuiva kutoka juu mpaka chini ndo hasa kinachotakiwa, mradi apunguze ukali na asiweke twiga.